Saa ya Baba Ina Mishale Mingi

Mpendwa Shangazi, naomba unisikilize kabla hujanicheka, mimi ni mpiga picha wa vitu vidogo, pete, vipuli, wadudu, na kitu kidogo ukikisogelea sana kamera huona wazi sehemu nyembamba tu, kwa hiyo unapiga picha nyingi huku kamera ikisogea kidogo kidogo kwenye reli yake, halafu kompyuta inaziunganisha ziwe moja iliyo wazi kote, sasa nilitaka kumtundikia mama sebuleni picha ya saa ya mkono ya marehemu baba, saa iliyosimama wiki aliyofariki, nikaiweka chini ya taa chumba cha nyuma, nikawasha mota ya reli niliyoinunua juzi nikatoka ili nisitikise sakafu, na picha ilipotoka mshale wa sekunde ulikuwa hapa, pale, na kule, umetapakaa uso mzima kama vidole, nikarudia, ikawa vilevile, na kila nikiingia saa iko kimya.

Mama alipoiona hakushtuka, alisema, "Si niliwaambia tangu msiba? Baba yenu yumo chumba kile, saa yake naisikia kupitia ukuta nikiwa kitandani," lakini dada yangu mkubwa anasema mama akili zinamruka na Jumamosi anakuja kumchukua akakae kwake, mama hataki, analia, basi nishauri, ninunue reli ya kuzungusha kwa mkono, au kamera inayobadili yenyewe fokasi, yaani ile sehemu inayoonekana wazi, au programu nyingine, maana hii inaona visivyopo na mimi naogopa kuingia chumba changu mwenyewe.

Mpiga Picha wa Chumba cha Nyuma

SHANGAZI ANAJIBU

Pole mwanangu, ila nawe umezidi. Mama analia sebuleni, wewe unaulizia reli.

Programu yako haina kosa, iache. Fungua picha ya kwanza na ya mwisho kabla hazijaunganishwa, uzitazame pamoja. Mshale umesogea kwa sababu saa ilikuwa inatembea. Mafuta ya saa kuukuu huganda. Joto la taa likayalegeza, mota ikaitikisa, ikaamka. Ulipozima, ikalala. Wewe ulikuwa umetoka, mama yuko upande wa pili wa ukuta. Masikio yake ni mazima kuliko yenu wote wawili.

Kwa ukaribu unaopigia wewe, chukua reli ya mkono na taa isiyo na joto. Zungusha kidogo, subiri itulie, ndipo upige. Kamera ya kubadili fokasi yenyewe inafaa vitu vikubwa zaidi.

Lakini kabla ya kununua chochote, mwite dada yako chumbani, washa ile taa na ile mota, na safari hii msitoke. Mkae, msikilize. Kisha saa ipelekwe kwa fundi, irudi mkononi mwa mama.

Nimeirudia barua yako, na kuna jambo limenikalia vibaya. Mama anasema anaisikia tangu msiba, na mota umeileta juzi. Ya siku zile haikuwa mota, wala usinitafutie maelezo. Ila mama yako asihamishwe. Kama kuna mtu chumba kile, anamsubiri yeye.