Samahani Iliyopelekwa Hachioji

Okaya, 3 Julai

Mwanangu Chizuru,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamikia mvua hizi. Wewe unakula? Maana mtu akigombana na wakubwa hamu ya chakula humtoka.

Ndiyo, nimesikia. Moriya, niliyekuwa nikisugua naye lenzi kiwandani, ana mpwa wake huko idara yenu ya utafiti. Ameniambia kila mtu ameipigia mhuri wa kuipitisha kamera mpya ya kuchunguza tumbo isipokuwa wewe. Chizuru! Kampuni hii ndiyo iliyokulea. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Basi usihangaike, mambo nimeyatengeneza. Jana nilivaa suti, nikapanda treni mpaka Hachioji na boksi la yokani, ile tamu ya maharage, zito kuliko yote dukani kama anavyostahili mtu aliyekosewa. Nikainama mbele ya mkuu wenu, Bwana Nagasaka, nikamwomba radhi kwa niaba yako. Alinipokea vizuri mno, hata chai alinimiminia mwenyewe.

Piga huo mhuri, mama. Agosti, roho za marehemu zinaporudi, uje tumwashie mama yako moto wa kumkaribisha nyumbani.

Baba yako

Hachioji, 10 Julai

Baba,

Shikamoo. Salamu zimeishia hapo.

Nani alikutuma? Nina miaka thelathini na minne, naongoza wahandisi, halafu baba yangu anakwenda kuniombea radhi kama niliyevunja dirisha la jirani!

Hukuniuliza hata kwa nini nilikataa. Kamera ile ina programu ya kusafisha picha, inafuta chenga ili daktari aone tumbo linang'aa. Nimeijaribu kwa picha za watu ambao tunajua wana saratani. Vidonda vichanga, vya wakati mtu bado anaponyeka, inavifuta pamoja na chenga. Daktari anaona tumbo safi, anamwambia mgonjwa nenda salama. Niliomba muda wa kurekebisha. Nagasaka anataka iuzwe vuli hii.

Bila mhuri wangu isingepita. Unajua alifanya nini? Aliiweka yokani yako katikati ya meza ya mkutano, akaikata vipande. "Kuleni," akasema, "Mzee Oguchi amekuja kutuomba radhi. Familia yenyewe imekiri kwamba binti amechoka. Tumpumzishe." Wakaila, baba. Hata wale wawili waliokuwa wakiniunga mkono chinichini walikula. Sasa nimehamishiwa ghala la vipuri, na aliyekalia kiti changu amepiga mhuri siku hiyohiyo.

Nina hasira. Usinipigie simu, sitapokea. Agosti siji. Maji yakimwagika hayazoleki.

Chizuru

Okaya, 17 Agosti

Mwanangu,

Sijui niulize hali au nisiulize.

Barua yako niliitupa kabatini. Nami nilikasirika! Baba yeyote wa hapa angefanya nilivyofanya. Baba yangu alinifanyia mimi hivyohivyo, na mambo yakaisha. Nikasema binti ana ulimi mkali, amezidisha. Nagasaka ni msomi, atauzaje kitu cha kuua watu?

Kisha moto wa mama yako nikauwasha peke yangu. Nikakumbuka maneno ya daktari wake: kidonda chake cha tumbo kingeonekana kikiwa kidogo, angepona. Nikairudia barua yako, nikaisoma nimesimama hapohapo mlangoni.

Baba yako

Okaya, 6 Oktoba

Mwanangu Chizuru,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, ila sauti imenikauka.

Jana kampuni iliwaonyesha madaktari kamera ile huko Matsumoto. Wastaafu tulialikwa tukae mbele tupige makofi. Nagasaka akanishika bega: "Huyu ndiye mzee wa yokani!" Watu wakacheka. Nikasimama.

"Bwana Nagasaka, nimekuja kuchukua samahani yangu."

"Samahani gani, mzee?"

"Niliyokuletea Julai. Mwanangu hakukosa. Nirudishie."

"Yokani tumeshakula, mzee!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Yokani bakini nayo. Nataka samahani yangu."

Moriya akanivuta koti. "Kaa chini bwana, unatutia aibu!" Sikukaa. Daktari mmoja, mama wa makamo, akauliza, "Kwani huyo binti alisema nini?" Nikamwambia ulivyoniandikia, neno kwa neno. Akamgeukia Nagasaka: "Zima hiyo programu tuione picha ilivyo."

"Leo haizimiki, daktari."

"Basi na sisi leo hatununui." Akafunga mkoba wake, na wenzake wakainuka.

Moriya hanisalimii tena, na chama cha wastaafu kimenifuta. Wafute tu, kumbe nao wana programu yao!

Maji hayazoleki, kweli. Lakini aliyeyamwaga ana mikono, ashike tambara akaushe.

Baba yako

Hachioji, 20 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Magoti je, na baridi hii?

Kamera imerudishwa maabara. Programu wanaiandika upya kwa kufuata ripoti yangu, ila jina langu wameliondoa. Mimi sijarudishwa. Bado napanga skrubu ghalani, na Nagasaka ananipita mlangoni kama hanioni. Hasira bado ninayo. Sehemu kubwa ni yake, nawe una fungu lako, usidhani limekwisha.

Lakini Jumapili sitoki. Ukipiga simu, nitapokea.

Mwanao