Vitunguu vya Papa

Bulonza, shika simu. Ni mimi, Chimène.

Unakumbuka vile papa, kabla ya kufa Oktoba, alipanda vitunguu nyuma ya nyumba? Alivikuta dukani kwa bei ya chini, akasema theluji ya huku Lackawanna ikiisha tutakula sombe ya kweli, majani ya muhogo na vitunguu vyake.

Mama alivilinda baridi yote. Kila asubuhi anavaa koti ya papa, anafukua theluji kwa vidole, anachungulia. Juma hili majani yakatokea. Mama alilia, akaimba. Akasema papa anamjia ndotoni: "Vuna vitunguu vyangu, tule."

Leo akavuna majani, mizizi akaiacha udongoni. Bon, sombe iko motoni, majani ameshayakatakata, anataka kuyatia, ndipo jirani Dorothy akaingia, akayaona, akapiga kelele: "Hayo ni maua! Ni sumu!"

MAUA, Bulonza. SUMU. Papa wangu alipanda maua akidhani ni vitunguu!

Nikamwaga vyote. Nilidhani mama ataogopa. Hakuogopa hata kidogo. Akasema polepole: "Donc, kumbe alikuwa ananiita."

Nikamwambia, mama, ile ni ndoto tu. Akachukua koti ya papa, akatoka nje.

Sasa namuona dirishani. Amevaa ile koti, amepiga magoti kwenye matope, anarudishia udongo kwenye mizizi vile mtu anafunika mtoto aliyelala. Nimefungua dirisha kidogo nisikie. Unajua anasema nini?

"Ngoja kidogo, Papa Chimène. Nakuja."