Chupa ya Bomba Namba 88

Jumatatu, 3 Juni

Ripoti imetoka! Mratibu wa asasi yetu kaitupa mezani kwangu, kurasa mia mbili na kitu, jalada linang'aa. Ni ripoti ya nchi kuhusu Malengo ya Maendeleo Endelevu, ile ambayo serikali inataka kuipeleka Umoja wa Mataifa. Waziri wa Maji atasaini sura yake tarehe 14, baada ya kikao na sisi wa asasi za kiraia. Tumepewa dakika kumi. Kumi!

Lengo la sita: maji safi kwa wote. Kiambatisho kinasema mji wetu una mabomba ya umma 340, yote yanatoa maji. Nikashusha kidole hadi mtaa wa Shangazi. Bomba namba 88 — "linatoa maji". Nikacheka peke yangu. Bomba lile limekauka miaka sita sasa! Shangazi aliyenilea, na magoti yale, anavuka bonde na ndoo kila alfajiri.

Mratibu akasema nisicheke. Likishasainiwa kuwa ni zima, nani ataleta fundi? Litakuwa limefutwa kwenye orodha ya mabovu. Hapo kicheko kikaniishia.

Jumatano, 5 Juni

Mpango umekamilika. Jumamosi, saa mbili asubuhi, kila bomba lililo kwenye orodha litakuwa na mtu wetu — vikundi vya wanawake, walimu, mafundi, hadi wanakwaya. Kila mmoja na chupa moja. Maji yapelekwe maabara, tujue kama ni safi kweli.

Mimi ndiye karani, kwa hiyo maelekezo nimeandika mimi. Jaza chupa. Bandika namba ya bomba. Leta ofisini. Basi! Nimejisifu moyoni kwa ufupi ule.

Ila kusema kweli, sina imani. Nimekaa kwenye kazi hii miaka kumi na moja na watu wetu nawajua. Semina ikiwa na chai wanajaa hadi mlangoni. Jumamosi, bila nauli wala chai? Tukipata chupa hamsini nitashukuru.

Jumamosi, 8 Juni

Siamini. Wamekuja! Saa tatu foleni ilikuwa imefika kwa fundi viatu.

Lakini kosa — kosa langu mimi! Aliyetangulia ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, shati limepigwa pasi. Kaniwekea chupa tupu mezani. Kifuniko kimekazwa, namba imebandikwa vizuri. Nikamwambia mzee wangu, umesahau kujaza. Akanitazama kama mwanafunzi mzembe. Bomba halina maji, akasema, na karatasi yako haikusema tufanye nini likiwa halina. Imesema kila bomba, chupa yake. Hii ndiyo ya bomba langu.

Nikaisoma upya karatasi. Ni kweli! Sikuandika. Yaani nilikaa na ripoti ya serikali siku mbili, nikajua fika la 88 ni kavu, halafu nikaandika maelekezo kana kwamba yote yanatoa.

Na wao wamefuata neno kwa neno. Mwingine kaweka mchanga kidogo, ndio uliotoka. Mama mmoja kaandika chini ya namba: "Tangu nizae kitindamimba. Sasa yuko darasa la tatu." Shangazi naye kafika saa tano, anachechemea, chupa kaifunga kwenye khanga. Akasema mbele za watu: "Nyie wasomi mnanitembeza na chupa tupu mji mzima, afadhali ningekaa nikachambua mchele." Watu wakaangua kicheko. Akakaa kwenye kiti changu, hakukiachia hadi mchana.

Tumehesabu. Zimekuja 326. Zenye maji 129. Tupu 197.

Mratibu hajanigombeza. Amesimama tu katikati ya chupa, mikono kiunoni. Na mimi nimeduwaa vilevile. Miaka yote hii nimekuwa nikiandika "wananchi wanalalamika", na sikuwahi kuona ukubwa wake. Leo nimeuona, umejaza sakafu.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda ofisini, wala sikuwa na kazi. Nimekaa nikazitazama tu.

Alhamisi, 13 Juni

Majibu ya maabara: zile zenye maji, nyingi ni salama. Serikali nayo tuipe haki yake. Mratibu alitaka tupeleke jedwali tu kwenye kikao cha Waziri. Nikapinga — mimi! — nikasema kila mtu arudishiwe chupa yake, aingie nayo mwenyewe. Akaniuliza kama nina uhakika watakuja tena. Nikasema watakuja.

Ijumaa, 14 Juni

Naandikia mapajani, humu humu ukumbini. Lazima niandike sasa hivi.

Wamekuja. Tena wengine na majirani zao.

Mlangoni mlinzi akatuzuia. Maji hayaingii ukumbini, ni amri. Mratibu akabembeleza, wapi! Zile 129 zimepangwa nje ukutani, wenyewe na majirani wamebaki nazo. Halafu mlinzi akashika ya mwalimu mstaafu, akaitikisa, akaigeuza. Haina kitu, akasema, pita. Ya pili, haina kitu, pita. Ya tatu. Kufikia ya ishirini alikuwa haangalii chupa tena, anaangalia nyuso. Akauliza kwa sauti ndogo kama na ile ya mtaa wake ipo. Ilikuwapo.

Kwa hiyo walioingia ni wenye chupa tupu peke yao. Watu 197! Viti vimekwisha, wamesimama hadi kwenye ngazi. Hakuna anayepiga kelele.

Mratibu alitumia dakika moja tu. Akamwomba Waziri aifungue ripoti yake kwenye kiambatisho na ataje namba yoyote. Tisa zilizobaki akamwachia.

Waziri akatabasamu. Namba 212. Mama wa kitindamimba akasimama, akainua chupa. Namba 40. Mwalimu. Akataja 301 — kimya, hiyo ni nzima, na Waziri akapumua. Namba 17. Chupa. Namba 163. Chupa. Tabasamu limekwisha. Sasa anataja polepole, kila namba na kidole chake juu ya karatasi, na dakika kumi zimepita zamani, hakuna aliyemkatiza.

"Themanini na nane."

Shangazi amesimama. Anashikilia kiti cha mbele, magoti. Waziri anamwambia kwa heshima akae, mama, nimeshaona.

"Hujaona, mwanangu," Shangazi amemjibu. "Umeona chupa. Bomba lenyewe liko kule kwetu. Twende ukalione."

Waziri anamtazama. Msaidizi wake anamnong'oneza, anaonyesha saa. Waziri amemwinulia mkono anyamaze.

Ameuliza: "Ni mbali?"

"Kwa gari lako, dakika tano. Kwa miguu yangu nimetoka saa kumi na moja alfajiri."

Ripoti iko wazi mbele yake. Kalamu anayo mkononi, haina kifuniko. Amesimama. Sijui kama ni kwa ajili ya kusaini au ya kwenda na Shangazi.