Chapa ya Lopus Kwenye Mnada wa Magari ya Sinema

Kaka Ewoi,

Ejok? Nakusalimu kwanza kwa sababu marehemu Mama alitufundisha kumsalimu hata mtu unayetamani kumzaba kofi. Natumaini u mzima huko Lodwar, maana nataka uisome barua hii ukiwa na nguvu zako zote. Mimi sijambo. Nimeandika kwa karatasi kwa kuwa ujumbe wa simu unausoma, unaniachia tiki mbili za buluu, halafu unanyamaza.

Unajua kazi ninayofanya huku Marekani, ingawa hujawahi kuniuliza vizuri. Nang'arisha magari yaliyotumika kwenye sinema kabla hayajapigwa mnada. Ni kazi ya ajabu. Gari likiwa na tundu la risasi ya uongo, ole wako ulizibe. Likiwa na vumbi la sinema, huruhusiwi kuligusa, kwa sababu matajiri wanataka vumbi lilelile waliloliona kwenye skrini. Nasimama mchana kutwa, mgongo unauma, nikipangusa vioo na kulikwepa vumbi.

Mwezi uliopita walishusha gari moja la kijivu. Nikazunguka upande wa kushoto, nikaiona chapa ya ukoo wetu mlangoni.

Ewoi, kitambaa nilikitupa chini. Ni Lopus, gari la Baba! Lile ulilotuambia limebebwa na mto Tarach pale Kakuma, ukalia hadi ukatapika, nasi tukakubembeleza. Nilipofungua faili lake nikaikuta hati ya mauziano iliyoandikwa Lodwar, na chini yake sahihi yako yenye mkia kama wa ng'e. Kumbe uliwauzia watu wa sinema waliokuja kupiga picha kule nyikani Lopur. Mwongo mkubwa wewe!

Ulikuwepo Baba alipomuuza fahali wake ili alinunue gari hilo. Wazee walikuwa wakimwita Apalopus, baba yake Lopus, kwa jina la fahali huyo, naye hakutaka jina lipotee, akaliita gari Lopus. Akapasha moto chuma kilekile cha kuwatia ngamia chapa, akakibandika mlangoni, rangi ikababuka, sisi tukacheka mpaka machozi. Tangu uliposema gari limezama, akiitwa Apalopus haitiki.

Kwenye karatasi za mnada waliandika kuwa alama ile ilichorwa na mafundi wa sinema. Nikapandwa na hasira, nikamwendea bosi. Nikamwambia ile ni chapa, na kwetu chenye chapa hakiuzwi mpaka mwenyewe aseme ndiyo.

"Rudia hayo maneno," akasema, akitoa simu anirekodi.

Nikafurahi, mjinga mimi. Nilidhani anatafuta ushahidi wa kuusimamisha mnada. Siku ya mnada akanisimamisha kando ya gari, akanipa kipaza sauti. Nikasema yote: fahali, chuma, Baba. Nilisema kwa uchungu, kama mtu aliye mbele ya chifu. Wakasimama wakapiga makofi, mikono ikaanza kupanda na bei ikapanda nayo. Nilidhani nashtaki, kumbe nalipigia debe. Mzee mmoja mwenye kofia pana ndiye aliyelichukua, akanishika bega na kunishukuru. Nilitamani kumng'ata mkono.

Kwa hiyo usiseme najifanya mtakatifu. Wewe ulimuuza Lopus, na mimi nimemuuza tena kwa mdomo wangu. Lakini mimi sikumdanganya Baba.

Na uongo wako bado unamtembeza. Juzi nilipigiwa simu na Mama Furaha, yule jirani Mkongomani wa kambi ya wakimbizi anayemchotea Baba maji pale Kakuma. Akaniambia, "Baba yenu alienda tena ku mto. Minamuambia mzee acha, anakataa. Anachoma fimbo mu mchanga, anasema atasikia chuma." Kila maji ya Tarach yakipungua Baba yuko kule akilitafuta gari, na safari hii maji mapya yalimkuta katikati. Waliomvuta ni wafanyabiashara wa Sudan Kusini waliokuwa wakingoja kuvuka warudi kambini. Safari nyingine huenda kusiwe na mtu.

Nenda Kakuma kabla mvua haijarudi. Usimtume mtu, wala usipige simu. Keti chini mbele yake umwambie kwa kinywa chako. Sehemu yangu pia mwambie, na usiitie sukari.

Nisalimie shangazi anayeuza samaki pale sokoni. Mwambie kitambaa chake ndicho ninachofunga kichwani nikiwa kazini. Msalimie mkeo, sina ugomvi naye. Mama Furaha ukifika mpe mkono kwa heshima, kwa sababu amekuwa mwana kuliko sisi wawili. Wewe salamu yako ni ile ya juu, sina nyingine.

Ndani ya bahasha kuna kifuko. Usikifungue njiani. Ni vumbi la Lopur, nililolikwangua chini ya kiti cha dereva, mahali ambapo kamera haikufika. Mwekee Baba kiganjani kabla hujasema neno lolote. Akilisugua tu kwa vidole, atajua mwenyewe kwamba gari lile halikuwahi kuguswa na maji.

Ni mimi dada yako, upende usipende,
Akai