Vichuguu Viwili Njia ya Sagalla

Alhamisi jioni. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo umejaa vumbi, na mvua bado inatuchezea.

Leo nilikaribia kumshika ndovu.

Kwa mlioanza kunisoma hapa leo, nieleze kwanza. Nilizaliwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Nilipopasuliwa nilikuwa tayari darasa la pili, na jicho la kushoto lilikuwa limeshazoea uvivu, halikuamka tena. La kulia ndilo linalonitembeza. Halinipi sura za watu wala maandishi madogo, lakini rangi na maumbo linanipa. Kwa hayo nimejifunza ususi, nimepata kazi saluni mjini Voi, na kila asubuhi nashuka njia yetu ya Sagalla bila kushikwa mkono. Kwa hilo naringa, sitaficha.

Njia yenyewe naijua kwa alama. Ukipita kanisa kuna ua wa minyaa, kisha kichuguu kirefu chekundu. Nakipapasa, nakata kulia, natokea barabarani kwenye bodaboda.

Leo vichuguu vilikuwa viwili.

Sikushtuka. Nilijiambia jicho limeanza vituko vyake, nikanyoosha mkono kwa kile kilichokuwa karibu. Ndovu wa huku hujipaka udongo wetu mpaka wakafanana nao, hilo kila mtu analijua, hata mimi. Lakini nilikuwa nimechelewa, na mteja ananisubiri. Kisha kichuguu kikapumua.

"Mkawasi, simama hapo hapo." Ilikuwa sauti ya Mama Mwakio, jirani yetu, chini chini, nyuma yangu. "Sasa rudi pole pole. Usikimbie, mwanangu."

Nikarudi kinyumenyume. Nilisikia masikio ya ndovu yakipiga, na harufu ya mavi na majani ikanijaa puani. Ndovu alipopotelea vichakani, Mama Mwakio alinishika bega.

"Kwani haukumwona? Na vile ni mkubwa?"

"Nilikuwa nawaza mambo yangu, mama."

Akacheka, akasema huyo mwanamume ninayemuwaza ataniua. Nami nikacheka. Afadhali aeneze habari za mwanamume.

Maana ukweli ni huu: mwaka jana ningemwona.

Siku hizi pembeni mwa jicho kuna ukungu usiofutika. Nimelaumu vumbi, nimelaumu simu, nimelaumu usingizi. Daktari aliwahi kuniambia kwamba waliopasuliwa utotoni wanaweza kupata presha ya macho, kwa hiyo nisikae bila kupimwa. Kliniki iko karibu tu na saluni. Kila nikipanga kwenda, mteja anatokea, nami namshukuru moyoni.

Naogopa. Naogopa kuambiwa. Naogopa kupelekwa chooni na kurudishwa, wageni wamuulize mama kama nimekula ilhali nimekaa mbele yao. Naogopa vidole vyangu vitabaki na akili zake zote, lakini nani atamkabidhi msusi kipofu kichwa chake?

Jioni nilimkuta mama akichambua kunde jikoni, nikasema kabla ujasiri haujanitoroka.

"Mama, jicho limepungua."

Hakuacha kuchambua. "Najua. Kwani husikii ninavyoburuta malapa humu ndani? Ni ili usishtuke nikikupitia karibu."

Na mimi nilidhani ni magoti ya uzee. Hata nilimnunulia dawa ya kuchua.

Nilitarajia kusema kungenipunguzia mzigo. Hofu imezidi. Nilipokuwa najua peke yangu, bado niliweza kujidanganya kwamba nimekosea. Sasa kuna shahidi.

Nikamuuliza alianza kuburuta lini.

"Tangu Pasaka."

Mimi nilikuwa nahesabu kuanzia Agosti.

Nimempigia mwenye saluni, nimemwambia kesho sitafika. Tutaenda kliniki, mimi na mama. Najua swali la kwanza la daktari litakuwa ni hili: ilianza lini? Nijibu mimi, au nimwachie mama?