Viatu vya Mlimani vya Mama Atupele

Wifi Saumu, mke wa kaka yangu na mcheka safari zangu,

Nimefika kileleni! Mlima Rungwe nimeupanda kwa miguu yangu, sikushushwa kwa machela kama ulivyonitabiria.

Vile viatu vyangu vya mtumba, ambavyo muuzaji wa Tanga aliapa ni vya Wazungu wa milimani, kumbe hakusema uongo. Jana nimeona mchoro ndani yake: mtu anateleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni! Kumbe ni viatu vya mchezo huo. Ni plastiki tupu, kifundo hakikunjiki. Kwenye tope la Kinyala, kijiji cha chini ya mlima, nilikuwa natembea kama niliyetumbukiza miguu kwenye ndoo. Mama Atupele, mkulima aliyekuwa akinionyesha njia, alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, hifi fiatu au fyungu?" Akanirudisha kwake, akanivalisha mabuti yake ya mvua, yeye akapanda na kandambili, tena mbele yangu.

Biskuti zangu zililowa zikawa uji. Tulikula magimbi yake ya kuchemsha, yamefungwa kwenye jani la mgomba, bado ya moto. Ukija huku lete koti la mvua, biskuti waachie watoto. Juu kulikuwa na ukungu, sikuona kitu, na vigelegele nilipiga vilevile!

Msalimie kaka, wabusu watoto. Tuliporudi kwa Mama Atupele tulikuta kuku ameshataga kwenye kiatu changu cha kushoto, nikaona haya kukidai. Cha kulia nakuletea wewe, wifi. Tafuta kuku.

Wako, Zubeda