Daktari Alisema Miezi, Mimi Nikasema Wiki

Mpendwa mshauri Dada Milka, naomba msaada wako mapema, maana Ijumaa watu wawili wanapanda ndege kurudi Tanga na mimi bado sijawaambia. Mimi ni Mkenya, zamani nilichezea timu ya kiwanda cha sukari mpaka goti likanitoa nikiwa na miaka ishirini na nne, nikaja Doha kuwa sekyuriti, sasa ni kocha wa chuo kidogo cha ufundi ambacho hata madereva wa mtaa wetu wa Al Sadd hawakijui, na mshambuliaji wangu ni Omari, ambaye mama yake, Mwanaisha, anafanya kazi za nyumbani mtaa wa Al Thumama. Wiki saba kabla ya fainali Omari aliumia goti, nikawapeleka hospitali, na kwa kuwa mama anajua Kiarabu cha jikoni tu na Kiingereza cha Omari ni cha kozi ya kwanza, mkalimani nikawa mimi. Daktari akasema miezi sita bila mpira, la sivyo goti litaharibika kabisa, na mimi, dada, nikageuka nikawaambia wiki sita, karatasi ya daktari nikaitia kwenye begi langu eti isipotee.

Alicheza, akafunga, kisha goti likaachia. Kombe tulichukua, liko mapokezi, wanatilia kalamu. Omari sasa anatembelea magongo na mama ameacha kazi ili ampeleke nyumbani. Juzi Omari aliniambia, "Kocha, wiki sita si nilimaliza? Basi ni mimi nilikanyaga vibaya. Nisamehe, nimekuangusha." Mama naye ananiletea vitumbua, "Mwalimu, bila wewe pale hospitali tungekuwa mabubu." Niwaambieje wasinichukie, au niwaache waende kwa amani?

Kocha, Al Sadd

*

Kocha, pole ya goti lako la zamani naitoa kwa moyo. Hiyo nyingine subiri.

Amani gani? Kijana anakuomba msamaha kwa goti ulilomharibia wewe, na wewe unakula vitumbua vya mama yake. Ungekuwa hujui mpira ningekuonea huruma mapema, lakini mle chumbani wewe ndiye uliyejua goti likifa linakufaje. Njia ya kusema wasikuchukie nimeitafuta, haipo.

Halafu umesahau kwamba Tanga kuna madaktari. Wa kwanza tu atamwuliza Omari aliambiwa apumzike muda gani, naye atajibu wiki sita, tena kwa kuapa, na atatibiwa kwa uongo wako.

Nenda kesho, usingoje Ijumaa, na usipige simu. Kaa na wote wawili, mpe Omari karatasi yake mkononi, kisha useme: "Daktari alisema miezi sita. Nilisikia vizuri. Nikasema wiki." Habari za fainali na ndoto zako za ujana zimeze. Mwambie hakukanyaga vibaya, rudia mpaka akuangalie. Ukitoka hapo mwandikie mkuu wa chuo, na akikufukuza, funga begi.

Msamaha usiuombe siku hiyo. Waache walie kwanza.